Deni la Askari Halilipwi kwa Mchango

Mwaka 1929 yaliwekwa katika eneo la Fairfax, Virginia, hapa jirani ya mji mkuu wa Marekani ambapo wengi wetu tuliotoka Afrika ya Mashariki tumejaaliwa kupata makazi na riziki, mawe mawili ya ukumbusho juu ya wafu wa zama za Mapinduzi yaliyoitoa nchi hii mikononi mwa Mfalme wa Uingereza. La kwanza liliwekwa Alexandria, mji ambao wakati wa vita vile ulikuwa sehemu ya Fairfax, katika uwanja wa kanisa kongwe la Wapresbiteri lililoko mtaa wa Fairfax, juu ya mifupa ya askari ambaye jina lake halijulikani. Mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa kanisa jirani la Wakatoliki mwaka 1826 waliikuta mifupa hiyo ingali na mabaki ya sare na vifungo vya jeshi la Mapinduzi, ikazikwa upya kwa heshima, na baada ya miaka mia na mitatu ikajengewa kaburi la jiwe lenye umbo la meza na maneno ya taadhima kubwa. La pili liliwekwa Mount Vernon, katika shamba la Jenerali George Washington, ndani ya kijisitu kilicho karibu na kaburi lake, mahali walipozikwa watumwa wake. Nalo halikutaja jina la hata mmoja wao, bali liliwasifu wote kwa jumla kuwa watumishi waaminifu wa aila ya bwana wao.

Mtu anayeyasoma mawe haya mawili kwa pamoja hana budi kuona ajabu iliyomo. Askari asiyejulikana jina alipewa kaburi lake peke yake, ilhali watu ambao Washington mwenyewe, katika kiangazi cha mwaka 1799, aliwaorodhesha kwa mkono wake, majina yao na kazi zao, roho 317, walipewa jiwe moja lisilo na jina. Wala si kweli kwamba miongoni mwa hao hakuwamo mtu aliyeyatumikia Mapinduzi. Kama wanavyoamini watafiti wa Mount Vernon, katika ardhi ile amelala William Lee.

Huyu William Lee alinunuliwa na Washington mwaka 1768, akawa mtumishi wake wa karibu na mpanda farasi hodari aliyefuatana naye katika mawindo. Na vita vilipozuka akafuatana naye vitani, miaka minane tangu mwanzo hata mwisho, katika baridi ya Valley Forge na katika mazingiwa ya Yorktown, akitunza hati za jemadari na kusimama penye risasi alipokuwa amesimama yeye. Vita vilipokwisha alirudi Mount Vernon angali mtumwa. Akavunjika goti moja, kisha la pili, asiweze tena kupanda farasi wala kusimama mezani, akawekwa katika kibanda cha kushona viatu. Na husimuliwa kwamba askari wa zamani waliokuja kumzuru jenerali wao hawakuwa wakiondoka bila kupita kibandani kwa fundi viatu kumpa mkono na kukumbushana ya kale. Washington alipofariki mwezi Desemba 1799, wasia wake ulionekana kuwaahidi uhuru watumwa 123 waliokuwa mali yake mwenyewe, lakini baada ya kufa mkewe. Mmoja tu ndiye aliyepewa uhuru papo hapo, naye ni William Lee, pamoja na posho ya dola 30 kila mwaka maisha yake yote, na sababu iliyotajwa ni utumishi wake wakati wa vita vya Mapinduzi. Wasia huo ulithibitishwa katika mahakama ya Fairfax mwezi Januari 1800, na karatasi zake za asili zimehifadhiwa na mahakama hiyo hiyo mpaka leo.

Simwelezi Washington kama mtu aliyetenda insafu kamili, kwa kuwa mtu aliyekaa na askari mwenzake katika utumwa miaka kumi na sita baada ya vita vya uhuru hawezi kusifiwa hivyo. Ninalolitaka msomaji alione ni jambo moja tu katika wasia ule, ambalo laonekana dogo na kwangu mimi ndilo asili ya hoja yote: kwamba posho ya askari yule iliwekwa juu ya mali ya marehemu. Warithi walifungwa nayo. Hakuna aliyepita kwa majirani wa Fairfax na bakuli kuwaomba wenye huruma wachangie chochote kwa ajili ya fundi viatu aliyevunjika magoti, kwa kuwa jambo lile lilihesabiwa kuwa deni, na deni la maiti, kama tunavyojua sisi watu wa pwani tuliofunzwa haya tangu chuoni, hutolewa kabla mirathi haijagawanywa.

Sasa na tutazame jinsi taifa lilivyofanya na askari weusi waliobaki.

Wanatarikhi hukadiria kwamba Weusi wasiopungua elfu tano, watumwa na waungwana, walipigana upande wa wakoloni walioasi. Mwanzoni walikataliwa, mwezi Oktoba 1775 baraza la majemadari wa Washington liliamua kwamba wasiandikishwe, na haikufika hata miezi mitatu uamuzi ule ukalegezwa, hasa kwa sababu gavana wa Mfalme hapa Virginia, Lord Dunmore, alikuwa ametangaza kwamba kila mtumwa wa waasi atakayeshika silaha upande wake atakuwa huru. Mwaka 1778 Rhode Island ilikosa wazungu wa kutosha wa kujaza vikosi vyake ikanunua watumwa kwa mabwana wao kwa ahadi ya uhuru, na kikosi kile kilisimama imara mbele ya Wajerumani wa kukodiwa katika vita vya tarehe 29 Agosti mwaka ule ule. Na mwezi Mei 1781, huko Pines Bridge katika New York, walishambuliwa ghafla alfajiri, wengi wakauawa pamoja na kamanda wao Christopher Greene. Hapa Virginia palikuwa na mtindo mwingine. Bwana aliyeitwa vitani aliweza kumpeleka mtumwa wake badala yake, na kwa kuwa sheria haikuruhusu mtumwa kuandikishwa alimwita muungwana mbele ya maofisa, akamwahidi uhuru. Kisha vita vilipokwisha na bwana kusalimika na mtumwa kusalimika, bwana alimdai arudi utumwani. Udhalimu huu ulizidi hata Baraza la Virginia lenyewe likaona haya, likapitisha sheria mwaka 1783 ya kuwapa uhuru watu wa namna hiyo. Ahadi ni deni, na hapa ilibidi sheria itungwe ili waungwana wa Virginia wakumbushwe.

Baada ya hapo pakapita miaka mia mbili. Lililoamsha jambo hili katika zama zetu ni bibi mmoja wa mji wa Washington, Lena Santos Ferguson, ambaye babu yake wa kale alikuwa miongoni mwa waliopigania Mapinduzi, na ambaye alipoomba kujiunga na Chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani alizuiliwa miaka kadhaa kwa sababu ya rangi yake, hata mwaka 1984 chama kikakubali, na katika suluhu ile kikakubali pia kufanya utafiti juu ya askari weusi. Mpwa wake, Maurice Barboza, hakuridhika na uanachama wa shangazi yake. Alitaka askari wale wajengewe ukumbusho katika uwanja mkuu wa taifa, na mwezi Oktoba 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo na Rais Reagan akaitia sahihi. Mahali pakapatikana, na palikuwa mahali bora kuliko ambavyo mtu angethubutu kuomba: katika Bustani za Katiba, baina ya mnara wa Washington na nyumba ya ukumbusho wa Lincoln. Msanii akapatikana, naye ni Ed Dwight, rubani wa jeshi la anga aliyeteuliwa katika siku za Rais Kennedy kufundishwa urubani wa vyombo vya anga za juu asipelekwe, akageuka mchongaji mashuhuri wa historia ya watu wake. Akachora, akafinyanga mfano. Kilichobaki kilikuwa fedha tu.

Fedha hazikupatikana. Mwaka 1998 hazina ya Marekani ilitoa sarafu ya dola ya fedha ya ukumbusho wa askari hao, isizidi nakala 500,000, ambayo kila iliyouzwa ingeuingizia mfuko wa ujenzi dola kumi. Nimepata kuishika mkononi sarafu hiyo. Upande mmoja ina uso wa Crispus Attucks, mtu mweusi aliyekuwa wa kwanza kuanguka kwa risasi za askari wa Mfalme huko Boston tarehe 5 Machi 1770. Upande wa pili ina aila ya Weusi wa zama zile, iliyochongwa na Ed Dwight kutoka katika mfano wa sanamu yake mwenyewe. Ni nzito kuliko inavyodhaniwa kwa macho, na ukipitisha kidole juu ya zile nyuso ndogo zilizoinuka waweza kuhisi mikunjo ya nguo. Haikuuzwa hata robo ya kiasi kilichoruhusiwa. Kwa hiyo ukumbusho ambao ulikusudiwa kusimama mbele ya mamilioni ya watu umebaki katika madroo ya wapenda sarafu, na watu wengi wa Fairfax wanaopita katika bustani zile siku za mapumziko hawajui kwamba palitengwa kitu pale.

Ruhusa ile iliongezwa muda mara kwa mara, na mwaka 2005 ikafa. Barboza akaanza upya, na mwezi Januari 2013 Rais Obama akatia sahihi sheria nyingine ya kuruhusu ukumbusho ule ule kwa jina jipya, na mwaka uliofuata Bunge likakubali tena kwamba ustahili mahali pa heshima ya juu katikati ya mji. Ed Dwight, ambaye mwezi Mei 2024, akiwa na umri wa miaka tisini, alipelekwa hatimaye juu ya anga kwa chombo cha kampuni ya binafsi, aliweza kuifikia safari aliyonyimwa ujanani kabla hajaiona sanamu ile imesimama. Hadi ninapoandika maneno haya, halijawekwa hata jiwe la msingi.

Sababu si siri, wala si uvivu wa mtu. Sheria ya Marekani juu ya kumbukumbu za taifa, iliyotungwa mwaka huo huo wa 1986, inasema kwamba Bunge likishatoa ruhusa kazi yake imekwisha. Waombaji watafute fedha zote za ujenzi kwa wahisani, waongeze sehemu moja katika kumi kwa ajili ya matunzo, na waikamilishe shughuli hii katika muda wa miaka saba, la sivyo ruhusa inakufa. Kwa watu walio na makampuni makubwa nyuma yao sheria hii ni mlima unaopandika. Ukumbusho wa Martin Luther King uliruhusiwa mwaka 1996 ukafunguliwa mwaka 2011 kwa gharama ya kiasi cha dola milioni 120, na makampuni yenye majina makubwa yalitia mikono mifukoni, kwa sababu sura ya King inajulikana ulimwenguni kote na kila tajiri hupenda jina lake lionekane chini yake. Lakini nani atakayetoa mamilioni kwa ajili ya askari wa Pines Bridge? Warithi wao ni watu ambao babu zao walifanya kazi vizazi na vizazi bila ujira, na walipopata ujira hawakupewa ardhi, na walipopata ardhi wengi walinyang'anywa. Kisha sheria inawaambia, mkitaka jamaa zenu waliokufa kwa ajili yetu wakumbukwe, lipeni wenyewe. Mdai anaambiwa ajilipe.

Watetezi wa sheria hii wanayo hoja, nayo si hoja ya kudharauliwa. Wanasema kwamba Bunge likianza kulipia kila ukumbusho, kila kundi litakuja na orodha ya wafu wake, na uwanja wa taifa utajaa mawe usibaki majani; na tena wanasema kwamba mchango wa hiari una baraka yake, kwa kuwa kitu kilichojengwa kwa shilingi za watu wengi hupendwa na watu wengi. Hili la pili nalikubali nusu. Huko Savannah, katika Georgia, jamaa wa Haiti waishio Marekani waliwasimamishia sanamu wanajeshi mia kadhaa wa asili yao, watu weusi na machotara walio huru, waliokuja mwaka 1779 pamoja na Wafaransa kuwasaidia Wamarekani. Sanamu ilizinduliwa mwaka 2007 ikakamilika mwaka 2009, na ni kazi ya kuonewa fahari na kila mhamiaji. Lakini Wahaiti wale walikuwa wakitoa hidaya. Walisema na Marekani, tazameni, nasi tulikuwapo. Askari wa Rhode Island na Virginia hawana haja ya kujitambulisha kwa mtu; walikuwa hapa, waliandikishwa hapa, wamezikwa hapa, na serikali inayokusanya kodi leo ni mrithi halali wa ile iliyowaahidi.

Na hii hoja ya kwanza, isemayo Bunge lisianze kulipia kumbukumbu, kana kwamba halijawahi kulipa pale wahisani waliposhindwa, ajibiwe mwenye kuitoa kwa kuonyeshwa kitu kirefu kuliko majengo yote ya mji mkuu. Mnara wa Washington ulianzwa kwa mchango wa watu binafsi. Chama kilichoundwa kuujenga kilitaka kila raia atoe dola moja asizidishe, ili jemadari wa Mapinduzi akumbukwe na taifa zima sawasawa; fikra nzuri, ambayo ilileta fedha kidogo mno. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 4 Julai 1848, na baada ya miaka michache, mnara ukiwa umefika kiasi cha meta 46, hazina ilikauka na ugomvi wa siasa ukaingia, kazi ikasimama. Ulisimama hivyo zaidi ya miaka ishirini, kigutu kisicho na kichwa kando ya mto Potomac, mpaka mwaka 1876 taifa lilipotimiza miaka mia moja, Bunge likaona aibu, likapitisha azimio kwamba serikali itaumaliza kwa fedha zake yenyewe. Mwaka 1884 ulifika meta 169. Mtu yeyote aendaye pale na kuinua macho ataona kwamba sehemu ya chini ina weupe wake na sehemu iliyo juu ina weupe mwingine, kwa maana marumaru ya siku za mchango na marumaru ya siku za Bunge hayakutoka katika machimbo yale yale, na jua na mvua vimeyabadili kila moja kwa namna yake. Siku ya mawingu tofauti ile huonekana vizuri zaidi kuliko siku ya jua kali. Ni mahali pachache duniani ambapo mtu aweza kunyoosha kidole na kusema, hapa ndipo hisani ilipokoma, na hapa ndipo serikali ilipoanza kulipa.

Basi ninauliza: ikiwa jemadari, ambaye alikuwa na shamba la maelfu ya ekari na kaburi la matofali na sura yake juu ya kila noti ya dola, wahisani wa taifa zima walishindwa kummalizia mnara wake na Bunge likaingia kati katika mwaka wa mia, sembuse askari weusi ambao hawakuacha nyuma yao hata ekari moja? Miaka 250 ya taifa hili inatimia tarehe 4 Julai 2026. Alichotendewa jemadari katika mwaka wa mia na watendewe askari wake katika mwaka wa mia mbili na hamsini.

Huenda msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa akasema kwamba hili ni jambo la Wamarekani wenyewe. Lakini sisi tunajua habari za sanamu na madeni kuliko tunavyokiri. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya Dar es Salaam, pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann, sanamu ya Askari wa Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Na mwaka uliofuata Nairobi ikapata sanamu tatu kwa pamoja, za mkono wa fundi huyo huyo, na mmoja wao ni mpagazi. Zililipiwa na serikali iliyowatumia watu wale, wala mayatima wa Kariakoo, yaani wa kikosi cha wapagazi, hawakuchangishwa. Na bado malipo ya wapagazi wengi waliokufa porini kwa kuhara na njaa hayakuwafikia warithi wao, kwa kisingizio kwamba hawakuweza kutafutwa. Kwa hiyo sisemi kwamba shaba inayotolewa na serikali inatosha kuwa haki. Nasema inapasa iwe ya kwanza, na isiyokuwa na udhuru.

Kenya ilingoja zaidi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 akazikwa Kamiti mahali pasipojulikana, na sanamu yake haikusimama Nairobi mpaka siku kama hiyo mwaka 2007. Na wapiganaji wa Mau Mau waliobaki hai walipoishitaki serikali ya Uingereza, ikatoka suluhu mwezi Juni 2013 ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na pamoja nayo Uingereza ikagharamia ukumbusho wa walioteswa, uliozinduliwa Uhuru Park mwezi Septemba 2015. Wako waliosema fedha zile ni chache, nami nasema nao. Lakini aliyelipa alikuwa mdaiwa mwenyewe, na wazee waliokaa mbele ya ukumbusho ule siku ya uzinduzi walijua kwamba hawakuusimamisha kwa kuuza mbuzi zao. Kadhalika Songea, penye makaburi ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwezi Februari 1906, alipofika Rais wa Ujerumani mwaka 2023 akaomba radhi, watu wetu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza liliko fuvu la shujaa wao, Nduna Songea Mbano. Hiyo ndiyo akili ya mtu anayejua deni ni nini.

Pana jambo moja linalonitatiza, nami sitalificha. Kutoka Mount Vernon mwaka 1776 alitoroka mtu aliyeitwa Harry, mzaliwa wa Gambia, mchunga farasi wa Washington, akaenda kwa Dunmore akapigania upande wa Mfalme, kwa sababu upande huo ndio uliomwahidi uhuru. Kikosi alichoanzisha Dunmore kiliitwa cha Waethiopia, kwa mazoea ya wakati ule ya kumwita kila Mwafrika Mhabeshi, na ndui iliwaua kwa mamia katika kambi zao za pwani ya Virginia. Harry Washington alipona. Mwaka 1783 aliondoka New York katika merikebu za Waingereza, akaenda Nova Scotia, kisha Sierra Leone. Je, wale waliokufa kwa ndui wakiamini wanakufa huru, hawakufa katika mapinduzi? Ukumbusho ulioruhusiwa na Bunge si wao, na sidhani kwamba taifa laweza kuombwa limsimamishie sanamu adui wake wa jana, ingawa kwa Mungu nia yao na nia ya wale wa Rhode Island ilikuwa moja. Lakini Fairfax yaweza. Harry alikuwa mtu wa Fairfax, na jina lake likiandikwa penye lango la Mount Vernon halitapunguza heshima ya mtu yeyote.

Na Mount Vernon imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kujifunza. Mwaka 1982 mwandishi wa gazeti la Washington Post, Dorothy Gilliam, alishutumu jinsi makaburi ya watumwa yalivyotelekezwa pale. Kelele zikapigwa, na mwezi Septemba mwaka uliofuata ukazinduliwa ukumbusho mpya uliobuniwa na wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Howard, nguzo ya itale iliyokatwa juu, kama maisha yaliyokatizwa. Ni kazi ya staha. Jina la William Lee haliko juu yake.

Majina yapo. Chama kile kile kilichomzuia Bibi Ferguson, kwa kutimiza suluhu yake, kilichapisha mwaka 2008 kitabu kikubwa kiitwacho Forgotten Patriots, chenye majina zaidi ya 6,600 ya Weusi na wenyeji wa asili waliotumikia Mapinduzi. Katika mtaa wa U, mjini Washington, ambako Wahabeshi wengi wana mikahawa yao, ipo sanamu ya askari weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe iliyowekwa mwaka 1998, na kuta zinazoizunguka zina majina 209,145. Watu huenda pale na karatasi na penseli wakitafuta jina la babu. Kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba haiwezekani.

Wengi wetu hapa Fairfax sasa ni raia wa Marekani, tuna kura, na wabunge wetu wanazihesabu. Barua ninayopendekeza tuwaandikie ni fupi: Bunge litenge katika bajeti ya serikali fedha za kuujenga ukumbusho ulioruhusiwa mwaka 1986 na tena mwaka 2013, bila sharti la mchango, kama lilivyofanya kwa mnara wa Washington mwaka 1876, kuta zake ziandikwe majina yote ambayo utafiti umeyathibitisha, na ibaki nafasi kwa yatakayopatikana baadaye, na kazi ianze kabla sherehe za mwaka 2026 hazijasahauliwa. Anayetaka kuongeza, aambatanishe nakala ya kipande kile cha wasia kinachomhusu William Lee, maana mahakama yetu inayo. Nami nitafurahi kumsaidia kila asiye na uzoefu wa kuandika barua za namna hii, akipenda kuipeleka kabla Bunge halijaenda mapumziko ya Agosti.